Ukurasa Uliofunguka Nusu

Mliponiaga kazini hospitalini, vijana wangu, mliniomba niwaandikie namna tulivyokuwa tunashughulika na ule ukurasa wa kusimamia seva, unaofunguliwa kwa brauza, kwa sababu mlisema vitabu vyake vya maelekezo vimeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Sasa nipo nyumbani Mwankoko, kuku wanaingia mpaka sebuleni, na udhuru sina tena. Naandika. Ila nawaambia mapema kwamba sehemu kubwa ya nitakayoyasema inamhusu mtu mmoja, Mzee Msengi. Wengi wenu hamkumkuta. Mmesikia jina lake tu, na mmelisikia vibaya.

Niliingia hospitalini kama mpiga chapa wa ofisi ya katibu. Kompyuta zilipoletwa, katibu aliuliza nani haogopi kuzigusa. Nilinyoosha mkono, si kwa sababu nilizijua, bali kwa sababu kiti changu kilikuwa karibu na mlango na upepo wa Singida ulikuwa unaniletea vumbi la barabara nzima juu ya karatasi. Nilitaka kuhama mlango. Watu wengi wamepata taaluma zao kwa sababu ndogo kuliko hiyo, ila hawasemi.

Chumba cha seva kilikuwa stoo ya mashuka ya wodini. Rafu za mbao zilikuwa bado zipo, na kwenye rafu ya chini ndipo ilipokaa seva yetu ya kwanza, chini yake matofali mawili, na kitambaa kibichi kimesukumwa chini ya mlango kuzuia vumbi. Mzee Msengi alikuwa amechuchumaa mbele yake. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kugeuka, akaniambia niweke kiganja juu ya boksi lile nimwambie nasikia nini. Nilisema nasikia joto. Akasema joto kila mashine inalo, nisikilize tena. Nilikaa na kiganja changu pale kama mtu anayemwombea mgonjwa, mpaka nikasikia kitu kinakwaruza ndani kwa mbali. Akasema ile ni feni inayotaka kufa, na ikifa hiyo, seva itapungua mwendo kabla haijazima, na watu watakuja kutuambia mtandao ni mbaya. Kesho yake tulibadilisha feni. Hakuna aliyekuja kutushukuru. Akaniambia nizoee.

Alikuwa Mnyiramba wa upande wa Sekenke, chini ya mlima, na kabla ya kompyuta alikuwa fundi wa redio za mawasiliano zilizounganisha hospitali na zahanati za vijijini. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, kwa hiyo utani haukukosekana, lakini kazini alikuwa mtu mkali. Ukali wake mkubwa ulikuwa juu ya kusoma. Ujumbe ukitokea kwenye skrini aliniweka mbele, yeye akasimama nyuma yangu mikono mgongoni, akasema, "Soma kama ilivyoandikwa. Usinitafsirie."

Siku za mwanzo nilimwambia, mzee, imekataa. Alinijibu kwamba hakuna mashine duniani iliyoandika neno imekataa, nisome. Basi nilisoma kila neno, Kiingereza changu cha sekondari kikiwa kinakwaruza kuliko ile feni, nikataja na namba zilizo mwishoni, na nukta, na kama maandishi ni mekundu au meusi. Alikuwa anasikiliza hadi mwisho ndipo anasema tufanye nini. Niliamini ananifundisha. Na kweli alinifundisha, kwa maana mpaka leo nikiona fundi anafunga ujumbe wa kosa kabla hajausoma mwili unanisisimka.

Sasa niseme ya kazi yenyewe, maana ndiyo mliyoyaomba. Ule ukurasa wa usimamizi ndio dirisha letu la kuitazama seva ilivyo: diski zake, joto lake, feni, umeme, nani ameingia. Unaandika anwani kwenye brauza, unaweka nywila, unafunguka. Usipofunguka, kuna mahali patatu pa kuuliza: seva yenyewe, waya ulio katikati, na brauza unayoitumia. Vijana wengi wanakimbilia seva, wanaizima na kuiwasha, na hospitali nzima inasimama kwa kosa lililokuwa kwenye brauza ya kompyuta moja. Nenda kwanza kwenye kompyuta nyingine. Ukurasa ukifunguka kule, iache seva ya watu.

Kuna asubuhi moja baada ya umeme kukatika na kurudi, ukurasa ulikataa kwenye kompyuta zote. Nilisoma ujumbe neno kwa neno, nao ulikuwa unasema hati ya usalama ya seva haijaanza kutumika. Haijaanza. Mzee Msengi aliniuliza seva inasema leo ni tarehe gani. Tukaangalia kwenye skrini ya seva yenyewe, tukakuta inaamini tuko mwaka ambao hata chumba kile kilikuwa bado kina mashuka. Betri ndogo inayotunza saa ndani ya mashine ilikuwa imekufa. Nilitumwa sokoni kwa fundi saa, nikarudi nayo kwenye kipande cha gazeti. Seva ya hospitali nzima ilikuwa imesimamishwa na kitu ninachoweza kukificha chini ya ulimi.

Mara nyingine ukurasa unafunguka lakini unazunguka, unazunguka, kisha unasema jaribu baadaye. Hiyo tuliihangaikia sana. Sababu yake ilikuwa sisi wenyewe. Kila aliyeingia alimaliza kazi yake akafunga brauza kwa alama ya msalaba juu pembeni, bila kutoka rasmi. Seva ikawahesabu kwamba bado wamo ndani, mpaka nafasi zikajaa, na mwenye shida ya kweli akabaki mlangoni. Tokeni rasmi. Nimesema neno hilo tangu ningali na meno yote, na najua hata mkimaliza kusoma hapa mtafunga kwa msalaba.

Kesi ya kliniki ya macho nitaisimulia kwa urefu kidogo. Kliniki hiyo ipo mkabala na mlango wa chumba cha seva, unavuka ukumbi tu. Sista Paskalia, muuguzi wake, alilalamika kwamba ukurasa wa wagonjwa haumpi kitufe cha kuhifadhi, na wagonjwa waliotoka mpaka Mitundu wanasubiri kwenye mabenchi. Tulifuta kumbukumbu za zamani za brauza, tukaifunga na kuifungua, tukabadilisha waya, hakuna. Nikaanza kusoma ukurasa kwa sauti kama kawaida yetu, juu kwenda chini, na Mzee Msengi akanisimamisha akauliza mbona nasoma maneno machache kwa mstari kuliko jana. Kumbe Sista alikuwa amekuza maandishi ili ayaone vizuri, akayakuza mpaka vitufe vikasukumwa nje ya skrini. Kitufe hakikupotea, kilikuwa kimehamia kusikoonekana. Tulipunguza, kikarudi.

Sista Paskalia alifurahi. Akamvutia Mzee Msengi kile kiti cha kupimia, akamwambia, "Kaa hapa mzee, nikupime macho. Kwa wafanyakazi hatuchelewi."

Mzee akasema, "Mimi nimekuja kutibu mashine."

Tulicheka wote, na wagonjwa kwenye mabenchi wakacheka. Akatoka, na alipokuwa anatoka akajigonga bega kwenye fremu ya mlango, akaulaumu mlango. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi kuliko siku yoyote ya kazi yangu. Kiti kilikuwa pale, muuguzi alikuwa pale, na kifaa cha kupimia kilikuwa juu ya meza.

Mambo yake mengine tuliyachukua kuwa tabia. Alikuwa anatembea na kiganja kimoja ukutani, akisema anafuata nyaya. Aligombana na wahudumu wa usafi kila waliposogeza kiti, na sisi tukasema Mzee anapenda utaratibu. Kikombe cha chai kikiwekwa kulia kwake badala ya mbele, lazima akimwage. Mara moja nilimuuliza kama anaona sawasawa. Akaniambia anaona mpaka uvivu wangu, nami nikanyamaza kwa heshima. Alikuwa na umri wa baba yangu, na mtu wa umri huo humuulizi mara mbili.

Kisha ukaja wakati ule ambao brauza zilianza kujisasisha zenyewe. Tuliingia asubuhi moja tukakuta ukurasa wa usimamizi unafunguka nusu. Maneno yalikuwepo, lakini picha hazikuwepo. Zile duara za kijani, njano na nyekundu zinazokuonyesha diski ipi nzima na ipi mbovu hazikutokea, mahali pake pakawa na maandishi madogo ya kijivu hafifu. Programu ya seva ilikuwa ya zamani, brauza ilikuwa mpya, na brauza mpya iliona vitu vya zamani kuwa hatari ikavizuia. Tuliwaandikia waliotuuzia mfumo, wakatujibu tununue seva mpya.

Dawa tuliyoipata ni ile ambayo baadhi yenu mliicheka mlipokuja: kompyuta moja kuukuu iliyoachwa na brauza ya zamani, haijaunganishwa na mtandao wa nje, imeandikwa juu yake kwa kalamu ya wino mzito USIISASISHE. Kwenye hiyo duara zilionekana. Kwenye zile mpya tulifanya kazi kwa kusoma, yaani nilisoma mimi. Nafasi ya kwanza, nzima. Nafasi ya pili, nzima. Mzee amesimama nyuma yangu, mikono mgongoni.

Baadaye shangazi yangu alifariki Mitundu, nikaenda msibani. Yaliyotokea nikiwa huko niliyapata kwa vipande, baadaye, kutoka kwa watu mbalimbali, nanyi mnayajua kwa namna yenu. Nitayasema kama yalivyokuwa.

Umeme ulipiga vibaya asubuhi. Kompyuta kuukuu ikaungua. Seva ilibaki hai, lakini ikaanza kulia. Diski zake zilikuwa nne na zilipangwa kubebana: moja ikifa, tatu zinashika kazi yake, unachomoa iliyokufa unaweka mpya, na wauguzi hawajui kama kuna lililotokea. Lakini ukichomoa nzima wakati moja imeshakufa, zote zinaanguka. Mzee Msengi alifungua ukurasa kwenye kompyuta mpya, ukafunguka nusu kama desturi yake. Katibu wa hospitali alikuwa amesimama mlangoni akiuliza itachukua muda gani. Watu waliokuwepo wanasema mzee alisogeza uso mpaka karibu kugusa skrini, akakaa hivyo. Kisha akaenda kwenye seva akagusa diski moja baada ya nyingine, akachomoa.

Alichomoa nzima.

Sauti ya seva ikanyamaza, na kwa muda mfupi walidhani amepona mgonjwa. Alipogundua aliirudisha ile diski, lakini mpangilio ulikuwa umeshavunjika. Nakala ya akiba tuliyokuwa nayo ilikuwa ya nyuma sana, kwa kuwa ile ya karibu zaidi ilipojaribiwa haikufunguka. Mafaili ya wagonjwa wengi yalipotea. Niliporudi kutoka msibani nilikuta mama mmoja wa Mkalama yuko dirishani na mtoto wake mwenye kifafa, anaulizwa dozi ya dawa ilikuwa kiasi gani, naye anajibu kwamba sisi wa hospitali ndio tulioiandika. Hilo dirisha sitalisahau. Wakamwanzishia mtoto vipimo upya.

Mzee Msengi aliitwa kwenye kikao. Aliulizwa kama hakuona maandishi yaliyosema nafasi ya tatu ndiyo mbovu. Akajibu kwamba alizembea. Aliulizwa mara ya pili, kwa upole, kama kulikuwa na sababu. Akasema hakuna sababu, ni uzembe. Hakufukuzwa. Aliomba mwenyewe kustaafu kabla ya muda, wakamkubalia upesi, upesi ulioniuma. Tulimuaga kwa soda na biskuti, na hotuba fupi ambayo kila mtu aliisikiliza akiangalia mahali pengine. Nilimsindikiza hadi getini. Aliniambia nisiache kusoma mpaka mwisho. Nilimwona anavuka barabara taratibu mno, nikafikiri ni huzuni.

Miezi ilipita. Tuliletewa seva nyingine, na ukurasa wake ukanigomea: unafunguka, naweka nywila, unanirudisha mlangoni bila kusema kosa lolote. Mashine inaposema kosa una pa kuanzia. Inaponyamaza ndipo unamkumbuka mwalimu wako. Nilinunua sukari na majani ya chai, nikapanda basi la Igunga mpaka chini ya mlima Sekenke, na bodaboda ikanifikisha kwake.

Ilikuwa mchana, jua liko utosini. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba na redio iliyofunguliwa mapajani, vidole vinapita juu ya nyaya zake. Nilisimama mbele yake, hatua chache tu. Akainua uso.

"Karibu," akasema. "Nani mwenzetu?"

Nilicheka. Nilidhani ni ule utani wetu wa Kinyaturu na Kinyiramba, kwamba anajifanya hanijui. Nikamwamkia. Aliposikia sauti yangu uso wake ulibadilika, akaweka redio chini polepole, na hapo nikaona kwamba macho yake hayakuwa yananitazama mimi, yalikuwa yanatazama pale sauti ilipotokea.

Mkewe, Mama Eliya, aliniletea kiti, akaingia jikoni kuchemsha chai. Mimi nilikaa. Nilisahau kabisa nywila na seva.

"Tangu lini, mzee?"

"Tangu kabla hujaja kwangu, kidogo kidogo. Pembeni palianza kufungwa. Mwisho nikawa naona kama mtu anayechungulia kwenye bomba."

"Na kusoma?"

"Kusoma ulisoma wewe."

Nilimuuliza kwa nini hakusema, na kliniki ya macho inatazamana na mlango wetu. Alinieleza bila hasira. Baba yake alishikwa vivyo hivyo katika umri ule, na babu yake kabla ya hapo. Wote waliishia kuongozwa kwa fimbo na wajukuu. Kwake lilikuwa jambo la ukoo, kama urefu au upara, na jambo la ukoo hupeleki hospitali. Alichotaka ni kufika mwisho wa kazi yake akiwa fundi. Angesema, wangempa kiti kizuri kivulini asubiri tarehe ya kustaafu.

Nilimwambia basi niruhusu nikamweleze katibu, kwamba haukuwa uzembe. Watu wanakusema vibaya, mzee.

"Waache waseme nilizembea," alisema. "Mzembe anagombezwa, yanaisha. Kipofu anaonewa huruma mpaka anakufa. Hadija, usiwaambie."

Nikaahidi. Sikuwa na namna ya kukataa.

Jambo moja alinikubalia, kwamba nimpeleke kwa Sista Paskalia. Nadhani alikubali ili ninyamaze. Daktari wa macho alimpima, akasema ni presha ya macho. Alimweleza kwa utulivu kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi, lakini angewahi, matone ya kutia kila siku yangeweza kuushika ugonjwa pale ulipokuwa, akaendelea kuona miaka mingi. Mzee aliuliza swali moja tu: hata kama baba yangu naye alikuwa hivi? Daktari akamjibu, hasa kwa kuwa baba yako alikuwa hivi. Ndiyo maana tunawaomba watu wa familia moja waje mapema.

Nilikuwa nimemshika mkono. Mtu aliyeishi akijua kwamba mlango umefungwa anaambiwa ulikuwa wazi, na yeye mwenyewe alikuwa anapita mbele yake kila siku asubuhi akienda kazini. Sista Paskalia aligeukia dirishani. Naye alikumbuka kile kiti, najua, ingawa hatujawahi kulizungumzia.

Mzee alisema jambo moja kabla hatujatoka. Alisema Eliya aitwe. Eliya ni mwanawe, mchimbaji mdogo kwenye mashimo ya Sekenke, na alikuwa na tabia ya kulalamika kwamba vumbi la mawe linamharibia macho. Alikuja shingo upande, akapimwa, akakutwa nayo ikiwa bado changa. Anatia matone mpaka leo na anaona vizuri. Hilo ndilo jema lililotoka humo, na sitaki kulifanya kubwa kuliko lilivyo. Baba yake alifurahi kwa namna yake, akawa anamuuliza kila jioni kama ametia dawa, kama askari wa zamu.

Kuhusu ile nywila, nilimuuliza siku nyingine nilipokwenda kumsalimia. Alinisikiliza, akauliza kama brauza imeruhusiwa kuhifadhi vile vikumbukumbu vidogo ambavyo seva inaipa ili imtambue aliyeingia. Haikuruhusiwa. Mmoja wenu alikuwa amezima ruhusa hiyo kwa ajili ya usalama. Seva ilikuwa inanipokea na kunisahau papo hapo, ndiyo maana inanirudisha mlangoni bila kosa. Mkipata tatizo hilo, anzieni hapo. Amewafundisha mtu ambaye hakuwa anaona skrini.

Nilikwenda kwake kila nilipopata nafasi, na nafasi hazikuwa nyingi kama zilivyopaswa kuwa. Kazi yetu inakudanganya kwamba seva ikilala dunia italala. Alifariki msimu wa mvua uliopita, barabara ya chini ikiwa imejaa maji, na nilifika mazishi yamekwisha.

Sasa nifike kwenye sherehe yenu ya kuniaga. Mlinipa kitenge na maneno mazuri, nawashukuru. Lakini kuna mmoja wenu, sitamtaja, aliyesimama akasema kwa kuchekesha kwamba sasa Mama anaondoka, tuwe makini, tusije tukafanya Kimsengi. Mkacheka wote. Nikaelewa kwamba limekuwa neno la kazini, kwamba mtu akichomoa waya usio wenyewe mnasema kafanya Kimsengi, na kwamba wengi wenu hamjui kama Msengi alikuwa mtu. Nilikuwa na soda mkononi. Nilitaka kusimama niseme, nikaikumbuka ahadi, nikabaki nimekaa.

Wiki iliyofuata nilikwenda Sekenke. Mama Eliya alikuwa anaanika mbegu za alizeti uani. Nilimsaidia kuzitandaza, kisha nikamwambia kilichonileta: kwamba jina la mzee linachezewa, kwamba nilimwahidi nisiseme, na kwamba aliyenifunga ahadi hayupo wa kunifungua. Yeye ndiye aliyebaki.

Aliendelea kutandaza mbegu mpaka zikafika ukingo wa turubai.

"Sema," akaniambia. "Huruma aliyokuwa anaiogopa haimfikii tena."

Ndiyo maana mnasoma haya. Seva haikuangushwa na uzembe. Iliangushwa na ukurasa uliofunguka nusu mbele ya mtu aliyebakiwa na nusu ya macho, siku ambayo hakuwa na wa kumsomea. Mkitaka kuliendeleza lile neno, haya, liendelezeni, ila mlijue.

Tulikunywa chai na Mama Eliya mpaka kivuli cha mlima kikafika uani. Nilimuuliza kitu ambacho sikuwahi kumuuliza mzee akiwa hai, kwamba yeye, kama mke, aligundua lini. Alisema aligundua mapema mno, siku mzee alipoanza kumwaga maji nje ya beseni. Wala hawakulizungumza. Nikamuuliza, kwa sauti ndogo ili isisikike kama lawama, kwa nini hakutuma hata mtu aje atuambie.

Alinitazama kama aliyeulizwa swali geni.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani mnajua. Kule si hospitali?"